Jozi Mbili za Soksi za Sufu

Kwa miaka miwili binti yangu alifungwa kamba za viatu na mwanamke mwingine, nami nilikuwa najua. Naanza na hilo kwa sababu mengine yote yalianzia hapo.

Viatu vyenyewe si vya kawaida. Ni buti za kuchezea hoki barafuni, ngumu kama ubao, chini zina chuma chembamba kama kisu, na kamba zake ni ndefu kiasi kwamba ukizikunjua zinaburuta sakafuni. Mtoto wa miaka kumi na mmoja anaweza kuzipitisha kamba kwenye matundu, lakini hana nguvu ya kuzikaza. Zisipokazwa, kifundo cha mguu kinacheza ndani ya buti na mtoto anaanguka. Kwa hiyo kila mtoto kwenye timu ana mtu wake wa kumkazia. Wengine ni baba zao, wengine dada zao wakubwa, wanaowakazia nje kwenye korido. Wa binti yangu alikuwa bibi mmoja wa Kihindi kutoka Rayners Lane, magharibi mwa London.

Sisi tunaishi Edmonton, kaskazini mwa jiji hilohilo, na uwanja wa barafu uko mwendo wa dakika ishirini kwa basi. Binti yangu alikwenda huko mara ya kwanza na shule, ziara ya darasa zima. Mwalimu aliniambia kwamba watoto wote walishikilia ukuta, wengine wakalia, na wangu akauachia ukuta kabla hajaambiwa. Baada ya miezi michache alikuwa kwenye timu ya wasichana. Mume wangu, ambaye anaendesha basi na kwa hiyo hupenda kuongea akifika nyumbani, alilipokea jambo lile kwa namna yake.

"Sisi tunawasha hita," alisema, "yeye anaenda kukaa ndani ya friji."

Tatizo lilikuwa mazoezi. Timu za wasichana hupewa barafu saa ambazo hakuna mwingine anayezitaka, yaani Jumamosi na Jumapili, saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Mimi nafanya kazi kwenye nyumba ya kutunzia wazee, na zamu zangu ni za mwisho wa wiki. Mume wangu naye yuko barabarani. Siku moja nilikuwa nimesimama kando ya uwanja nikimweleza kwa simu kwamba mtoto itabidi aache, hatuna jinsi, na mwanamke mzee aliyekuwa ameketi mbele yangu, amevaa koti juu ya suruali na gauni la Kipunjabi, akageuka.

"Mwambie asiwe na wasiwasi," alisema kwa Kiswahili. "Nitampitia mimi. Edmonton iko njiani kwangu."

Alikuwa amezaliwa Tabora. Baba yake alikuwa na duka la nafaka huko, na yeye aliondoka akiwa msichana wa miaka kumi na tisa. Mjukuu wake ndiye kipa wa timu. Nakiri kwamba siku ile nilifurahi. Nilimwamkia shikamoo, nikamshukuru mara tatu, nikaenda kazini nikiwa mwepesi.

Furaha ile ilidumu kama wiki tano hivi.

Kwanza ilikuwa salamu. Asubuhi gari lilipofika, nilikuwa nashuka na binti yangu hadi mlangoni nikiwa nimejifunga kanga juu ya nguo za kulalia, naye aliingia garini na kusema, "Shikamoo, Bibi," bila kukumbushwa. Nyumbani lazima nimkumbushe. Wakati mwingine lazima nimkumbushe mara mbili.

Kisha yakaja maongezi yenyewe. Binti yangu amezaliwa hapa. Kiswahili anakielewa chote, lakini mimi nikimsemesha ananijibu kwa Kiingereza, neno moja au mawili, macho yako kwenye simu. Nilishazoea. Watoto wote wa hapa wako hivyo, tunaambiana kanisani, tunacheka, tunaacha. Lakini asubuhi moja kioo cha gari kilikuwa wazi nami nikayasikia haya kwa masikio yangu:

"Umekula?"

"Nimekula, Bibi."

"Umekula nini?"

"Mkate na yai."

"Yai moja? Wewe unakwenda kucheza hoki au unakwenda kucheza bao?"

Binti yangu akacheka. "Kesho nitakula mawili," akasema, na gari likaondoka.

Nilibaki nimesimama kwenye baridi na kanga yangu. Kesho nitakula mawili. Sentensi nzima, haina kasoro. Mimi ndiye niliyekaanga lile yai.

Kabla ya kuja huku nilikuwa naripoti habari za mahakama kwa gazeti dogo Morogoro, na tabia ya kuandika haijanitoka. Kazini nayo inanifaa, maana tunatakiwa kuandika kila kitu: mzee amekula nini, amekunywa maji kiasi gani, amekataa nini. Nina daftari dogo mfukoni. Nilianza kumwandika yule bibi ndani yake, nikijidanganya kwamba naweka kumbukumbu za mazoezi. Nina kurasa hizo bado. Ukurasa mmoja unasema: "Anamwita 'mwanangu'." Mwingine unasema: "Leo amenitumia ujumbe kuhusu nywele."

Ujumbe wa nywele ulikuwa hivi. Nilikuwa nimemsuka binti yangu na kumfungia nywele juu, kichwani katikati, alivyopenda mwenyewe. Bibi akaandika: "Mama, tafadhali nywele zikae chini nyuma ya shingo. Juu hivyo kofia ngumu haikai vizuri." Mtu wa Rayners Lane ananielekeza namna ya kumsuka mwanangu. Halafu nilikwenda kuijaribu kofia, na alikuwa amesema kweli. Kama angekosea ingeniuma kidogo tu.

Majira yale timu ilishinda mechi za kutosha na kupata nafasi kwenye mashindano ya taifa ya wasichana wa chini ya miaka kumi na mitatu. Timu nane kutoka kila upande wa nchi, siku mbili, na mwaka huo yalikuwa yanafanyika London, kwenye uwanja wetu wenyewe. Niliomba likizo kazini miezi mitatu kabla. Nikafanya na jambo lingine ambalo sikumwambia mtu. Kwenye chumba cha kubadilishia nguo haruhusiwi kuingia mzazi yeyote tu, bali mtu mzima aliyejaza fomu na kuchunguzwa. Mpaka wakati ule walioruhusiwa walikuwa kocha na yule bibi. Nikajaza fomu. Mtunza wazee hana shida na uchunguzi, tunachunguzwa kila wakati. Nikapitishwa.

Mume wangu aliiona barua mezani.

"Unakwenda kuangalia mechi," aliniuliza, "au unakwenda kupigana?"

"Nakwenda kufunga kamba za mwanangu."

"Basi ni kupigana," alisema, akaendelea kunywa chai yake.

Sasa nieleze habari za soksi, maana bila kuzieleza nitaonekana mjinga zaidi ya nilivyokuwa. Majira yangu ya kwanza ya baridi hapa nilivaa jozi tatu za soksi kwenye kituo cha basi na bado nililia. Tangu siku ile nina imani moja kuhusu nchi hii: miguu ikipata joto, mengine yatafuata. Kazini, kitu cha kwanza asubuhi ni kuingiza mkono chini ya blanketi na kushika miguu ya wazee. Mzee akiwa na miguu ya baridi najiona nimeshindwa kazi. Kwa hiyo nilikwenda sokoni Edmonton na kununua jozi mbili za soksi za sufu, nyekundu, nene kama blanketi. Muuzaji aliniambia ndizo wanazovaa wapanda milima. Niliwaza mtoto anayekaa juu ya barafu siku mbili nzima, na yule bibi ambaye kwa miaka miwili hakuwahi kufikiria jambo la wazi kama hilo.

Jumamosi asubuhi niliingia chumbani mle kwa mara ya kwanza. Ni chumba kirefu kisicho na dirisha, benchi pande zote, sakafu ya raba, harufu ya glavu zilizolowa jana na hazikukauka. Wasichana kumi na wanne walikuwa wanaongea kwa wakati mmoja. Katikati yao yule bibi alikuwa ameketi kwenye kigoda cha plastiki alichokuja nacho. Nilikuwa nimedhani anamfunga mjukuu wake na binti yangu tu. Nusu ya timu ilikuwa imepanga foleni.

"Lete mguu," alikuwa anasema, na msichana mwenye nywele za rangi ya shaba, ambaye nadhani hajawahi kufika mbali zaidi ya Uhispania, aliuleta mguu. Bibi alivuta kamba kwa nguvu, tundu kwa tundu, akafunga fundo, kisha akagonga pua ya buti mara mbili kwa kifundo cha kidole.

"Hodi."

"Karibu," akajibu yule msichana, akainuka, na mwingine akakaa.

Binti yangu hakuwahi kunisimulia jambo hilo.

Bibi aliponiona aliinuka kwenye kigoda. "Karibu, mama. Leo mwenyewe umekuja. Kaa hapa." Nikakaa. Kigoda kilikuwa bado na joto lake.

Nilitoa soksi nyekundu kwenye mkoba. Binti yangu aliziangalia, kisha akaniambia kwa Kiingereza, kwa sauti ya chini, kwamba Bibi anasema jozi moja tu, tena nyembamba.

"Kwani Bibi ndiye aliyekuzaa?"

Sikupaza sauti. Chumbani mle walionielewa walikuwa wawili tu, na walitosha. Yule bibi alikuwa hatua mbili kutoka kwangu, anamfunga mjukuu wake vilinda miguu vya kipa, vile vikubwa kama magodoro ya mtoto. Hakuinua kichwa. Binti yangu alivaa jozi ya kwanza, akavaa ya pili juu yake, akausukuma mguu ndani ya buti, na nikaona anauma mdomo. Nikadhani ana wasiwasi wa mechi. Nilikaza kamba kwa nguvu zangu zote, na zangu si haba, nanyanyua watu wazima kila siku. Nikafunga fundo la vitanzi kama la viatu vya shule.

Alibaki ameninyooshea mguu.

"Unangoja nini?"

"Hamna," alisema, akaushusha.

Sasa mechi. Kwa asiyejua: wachezaji sita wanakuwa barafuni kwa wakati mmoja, kipa akiwemo, na hubadilishana na walio benchi kila baada ya dakika moja hivi, maana mbio zile zinachosha haraka. Wanapigania kisahani cheusi cha raba kwa magongo. Binti yangu hucheza pembeni kushoto, na sifa yake ni moja tu: kasi. Nilikuwa nimeona video nyingi za mazoezi, alizonitumia bibi. Msichana niliyemwona siku ile hakuwa yule. Alikimbia kama mtu anayetembea kwenye matope. Dakika ya pili alipinda kushoto, akaanguka. Zamu yake ya tatu akaanguka tena. Kisahani kilimpita mara nne karibu ya kutosha kukigusa. Niliandika yote kwenye daftari, muda na mahali. Mechi ile tulitoka sare.

Kocha, msichana wa Kiingereza mwenye sauti iliyokauka, alipanda jukwaani kuniuliza kama mtoto anaumwa. Nilisema haumwi. Akasema basi atampumzisha kidogo, na kesho, tukifika nusu fainali, atachezesha wale ambao miguu yao iko tayari. Alilisema kwa upole. Lakini maana yake niliielewa: mwanangu angefika kwenye mashindano ya taifa na kuyatazama akiwa benchi.

Ningetakiwa kujiuliza kwa nini. Badala yake nilimtafuta yule bibi kwa macho. Alikuwa amekaa safu tatu mbele, peke yake, na termosi yake. Mjukuu wake alikuwa anadaka kila kitu siku ile na watu walikuwa wanapiga makofi. Niliwaza kwamba sasa anafurahi. Mama mtu amekuja, ameshika kamba, na mtoto anaanguka. Mechi nzima ya pili, ambayo binti yangu aliingia mara mbili tu, mimi nilimtazama yeye usoni nikitafuta dalili ya furaha ile. Kwenye daftari kuna neno moja kwa mechi hiyo, nimelipigia mstari: "Hafurahi."

Tulishinda mechi hiyo kwa goli moja, tukaingia nusu fainali. Watu walianza kuondoka. Nilikuwa nimefika karibu na mlango wa nje nikakumbuka glavu zimebaki chumbani, nikarudi. Mlango ulikuwa umefunguka kidogo. Kupitia upenyo ule niliwaona wawili tu: bibi kwenye kigoda chake, binti yangu kwenye benchi, miguu yake mitupu imelala kwenye mapaja ya yule mwanamke. Alikuwa anaisugua kwa viganja vyake. Ngozi ilikuwa imechorwa mistari ya ufumaji wa soksi, na vidole vilikuwa vyeupe, rangi ambayo mimi naijua vizuri kutokana na kazi yangu.

"Usimwambie mama," binti yangu alikuwa anasema.

"Nisimwambie nini?"

"Soksi. Zinabana sana. Sisikii vidole."

"Kwa nini hukusema?"

"Nilisema mara moja. Amezinunua kwa ajili yangu. Ameomba likizo miezi mitatu kabla."

"Na kesho?"

"Kesho nitavaa tu."

Bibi aliendelea kusugua. "Kocha atakuweka benchi."

"Najua."

"Haya," alisema. "Mimi sijaona kitu."

Niliondoka mlangoni bila glavu. Kwenye korido kuna mashine ya vinywaji vya moto, nikasimama mbele yake kama mtu anayechagua. Nataka niandike kwa mpangilio yale niliyoyahisi, kama yalivyokuja. La kwanza halikuwa vidole. La kwanza lilikuwa kwamba aliyasema yote yale kwa Kiswahili, sentensi baada ya sentensi, siri nzima, kwa mtu mwingine. La pili lilikuwa kwamba wana siri. La tatu ndipo nikawaza vidole vya mwanangu. Naona aibu kuuandika mpangilio huo, lakini ndivyo ulivyokuwa.

Jioni nyumbani baba yake alimuuliza mechi zimekwendaje, akajibu kwa Kiingereza kwamba zimekwenda sawa. Nilizifua soksi nyekundu na kuzianika juu ya hita. Nilikuwa na njia rahisi, nami niliitazama kwa muda mrefu kama nilivyozitazama zile soksi zikikauka. Ningeweza asubuhi kusema nimezisahau. Angevaa zake nyembamba, angekimbia, na hakuna ambaye angejua. Yeye angenifichia, na bibi angenifichia, na mimi ningebaki mama niliyekuja kumfunga mwanangu kamba. Ningekuwa wa tatu katika siri yao, bila wao kujua.

Kilichonizuia si wema. Ni kwamba nisingevumilia kufichiwa na yule mwanamke.

Jumapili tulifika mapema. Bibi alikuwa tayari kwenye kigoda. Aliponiona alianza kuinuka kama jana, nikamwekea mkono begani.

"Kaa, mama. Nimekuja kujifunza." Kisha nikamgeukia binti yangu. "Vaa jozi moja. Nyembamba."

Binti yangu alimgeukia bibi haraka. "Umemwambia?"

"Mimi? Sijafungua mdomo."

"Hakuniambia," nikasema. "Jana nilirudi kuchukua glavu."

Msichana mwenye nywele za shaba alikuwa anangoja foleni na buti yake mkononi, hajui kinachoendelea. Uso wa binti yangu ulianza kuharibika kama wa mtoto mdogo, akaniambia kwa Kiingereza kwamba soksi ni nzuri, kwamba atazivaa kitandani.

"Sawa," nikasema. "Kitandani."

Bibi akasogeza kigoda, akanionyesha nipige magoti sakafuni karibu naye. "Haya. Lete mguu."

Alinifundisha kama alivyofundishwa yeye dukani Tabora, kushona midomo ya magunia ya dengu. Huvuti kamba mara moja juu, kama nilivyofanya mimi. Unaanza chini kabisa, vidoleni, hapo unaacha nafasi. Katikati unakaza kidogo. Kwenye kifundo unakaza kwa nguvu zote, kisha unazungusha kamba mara mbili kabla ya fundo, ili iliyokazwa isirudi wakati unafunga.

"Hapo unapoteza," alisema. "Fundo lako zuri, ila kamba imeshalegea. Ngoja." Akaweka kidole chake cha shahada juu ya kamba, akakibonyeza. "Sasa funga juu ya kidole changu."

Nikafunga. Kidole chake kilikuwa kikavu na chenye nguvu, ukucha umekatwa mfupi. Nilivuta, akakichomoa dakika ya mwisho, na kamba haikulegea hata kidogo. Tukafanya mguu wa pili vilevile. Tulipomaliza alirudisha mkono wake mapajani na hakugonga. Ilinichukua muda kuelewa kwamba ananiachia mimi.

Nikagonga pua ya buti mara mbili. "Hodi."

Binti yangu alimtazama yeye. Bibi akatikisa kichwa kidogo sana, kama mtu anayetoa ruhusa.

"Karibu," binti yangu akasema, akaenda.

Kocha alimwona akizunguka uwanja kabla ya mechi na akamwandika kwenye kikosi cha kwanza. Nusu fainali nzima sina ninachoweza kuripoti, ukurasa wangu ni mtupu. Nakumbuka tu alivyopinda kushoto. Alilala upande kiasi kwamba glavu iligusa barafu, na hakuanguka, na kisahani kilitoka kwenye gongo lake kwenda kwa mwenzake na kutoka hapo kwenda wavuni. Nilisimama. Bibi, safu tatu mbele, naye alisimama. Alinigeukia na kuinua mikono yote miwili, na mimi niliinua yangu, na hata wakati ule sehemu ya moyo wangu ilikuwa inapima nani amesimama kwanza.

Tulishinda, na kabla ya fainali watoto walikula. Mimi nilileta maandazi, yeye alileta sambusa. Sambusa zake ziliisha kwanza. Maandazi yangu yalibaki manne.

Fainali tulicheza na timu ya kaskazini, wasichana warefu walioimba wakiingia. Tulifungwa moja bila. Dakika za mwisho binti yangu alipiga shuti, kisahani kikagonga mwamba wa goli kwa mlio ambao uwanja mzima uliusikia, na kikarudi. Baada ya hapo kengele. Walivishwa medali za mshindi wa pili, wakaja chumbani wakilia na kucheka, hawajui washike lipi.

Binti yangu alikaa kwenye benchi, amechoka hata kofia hajaivua. Mimi nilikuwa nimepiga magoti upande mmoja, bibi yuko kwenye kigoda upande wa pili. Binti yangu aliinyoosha miguu yake yote miwili kwa pamoja, wa kulia ukaja kwangu, wa kushoto ukaenda kwake.

Fundo lililokazwa vile ni gumu kufungua, na kamba zilikuwa zimelowa. Tuliinama wote wawili, kila mmoja na buti yake, na nikajikuta naharakisha. Kucha ziliniuma. Nilitaka nimalize kabla yake, niutoe ule mguu na kuushika kwanza, nione kama una joto.

Alimaliza kabla yangu. Akaushika mguu, akausikiliza kidogo kwa kiganja, kisha akanitazama juu ya magoti ya mwanangu.

"Una joto," aliniambia. "Maliza taratibu, mama. Huo ni wako."